Kinachosemwa na muhuri wa mtendaji

Chukua barua yoyote ya utambulisho iliyotoka kwa mtendaji wa kata pale Kasulu, mkoani Kigoma, iwe Murusi au Murubona, uisome taratibu. Juu pana jina la halmashauri, kata, sanduku la posta, kumbukumbu namba na tarehe. Kushoto ameandikwa anayepelekewa. Inafuata "Yah:", na chini yake mistari mitatu minne: mtajwa hapo juu ni mkazi wa mtaa fulani, ofisi inamfahamu, tafadhali apewe huduma. Sahihi, muhuri, basi. Karatasi nzima haijasema kwamba wewe ni mwaminifu, wala kwamba kiwanja ni chako, wala kwamba ni raia. Imesema unakaa hapa na ofisi inakujua. Wengi huondoka nayo wakidhani wamebeba zaidi ya hapo, na wakifika kwenye dirisha la benki au kwa karani wa mahakama ndipo wanapokwama.

Kazi ambazo kwingine hukusanywa kwa karani mmoja wa mji, kwetu zimetawanywa. Mkurugenzi wa Mji ndiye katibu wa Baraza la Madiwani na ndiye mwenye leseni, vibali vya ujenzi na mapato. Vizazi na vifo viko RITA, na msajili wake wa wilaya ni Katibu Tawala, jengo la Mkuu wa Wilaya. Vitambulisho ni NIDA. Uraia ni Uhamiaji. Kinachobaki kwa mtendaji wa kata, wa mtaa au wa kijiji ni kile ambacho hao wote hawawezi kukifanya wakiwa mbali: kusema nani ni nani, na nani anakaa wapi. Mpangilio huu unatokana na sheria mbili za 1982, namba 7 ya mamlaka za wilaya na namba 8 ya mamlaka za miji, zilizorudisha serikali za mitaa baada ya miaka ya Madaraka Mikoani iliyoanza 1972.

Ndani ya ofisi hiyo hiyo watu huchanganya viongozi. Mtendaji ni mwajiriwa, ana mshahara, anahamishwa. Mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji amechaguliwa na wakazi kwa miaka mitano; waliopo waliingia kwa uchaguzi wa tarehe 27 Novemba 2024. Diwani anaongoza Kamati ya Maendeleo ya Kata, na mtendaji wa kata ndiye katibu wake. Halafu kuna balozi wa nyumba kumi, ambaye kila mtu anaanzia kwake na ambaye kwa kweli si kiongozi wa serikali kabisa. Ni kiongozi wa chama, mabaki ya zama za chama kimoja zilizokwisha 1992. Sahihi yake haitakiwi kisheria kwenye barua ya serikali. Ila mtendaji aliyehamia mwezi jana hakujui wewe wala baba yako. Balozi anakujua, na mara nyingi kikaratasi chake ndicho kinachomfanya mtendaji aandike "ninamfahamu" bila kusema uongo. Mimi sioni ubaya wake, mradi asikugeuze mwanachama kwa nguvu.

Tuje kwenye barua yenyewe, maana ndiyo inayochukua nusu ya siku ya ofisi. Saa za kazi ni saa 1:30 asubuhi hadi 9:30 alasiri, lakini mtendaji ambaye hajatoka kwenda kwenye kikao, ugomvi wa mpaka au ziara ya mkubwa fulani utampata kabla ya saa nne. Nenda na kitambulisho ulichonacho, nakala yake, picha mbili za pasipoti, na jambo ambalo watu hulisahau kuliko yote: jina kamili la ofisi unakoipeleka. "Kwa yeyote anayehusika" ni barua dhaifu. Benki itaikubali leo na kuikataa kesho. Mahakama haiitaki kabisa. Barua ya mdhamini inatakiwa itaje mahakama, namba ya kesi na jina la mshtakiwa, kwa sababu mahakama inataka kujua kwamba mtendaji alijua unamdhamini nani alipokuwa anagonga muhuri. Ukienda na barua uliyoandikiwa kufungulia akaunti ukataka kumtolea nduguyo dhamana, utarudishwa na nduguyo atalala ndani siku nyingine.

Picha ina kanuni yake. Ibandikwe kwa gundi, si kwa pini, na muhuri ugongwe ukipanda nusu kwenye picha na nusu kwenye karatasi. Muhuri uliokaa wote kwenye picha unaweza kubanduliwa nayo ukahamia barua nyingine. Uliokaa wote kwenye karatasi unaruhusu picha ibadilishwe. Wino nao ni habari. Pedi ikikauka, na kiangazi Kasulu inakauka haraka, muhuri hutoka nusu: jina la kata linasomeka, tarehe haisomeki. Usiondoke na barua ya namna hiyo kwa aibu ya kumsumbua mzee wa watu. Omba pedi iongezwe wino, muhuri urudiwe pembeni, si juu ya ule wa kwanza, kwa sababu mihuri miwili iliyopandana inaonekana kama ya kughushi. Na hakikisha nakala imebaki kwenye jalada ikiwa na kumbukumbu namba ile ile. Anayepokea akipiga simu kuuliza, mtendaji hatafuti kichwani, anafungua jalada. Pasipo nakala jibu ni "sikumbuki", na hapo barua yako imekufa.

Kosa linalosumbua zaidi mkoa huu ni jina. Majina ya Kiha hayakutungwa kwa ajili ya fomu. Kwanza, kwa desturi mtoto hupewa jina lake mwenyewe kufuatana na hali aliyozaliwa nayo, si jina la ukoo linalorithiwa, kwa hiyo kaka na dada wa tumbo moja wanaweza wasifanane jina hata moja. Fomu zinataka matatu: la kwanza, la kati, la mwisho. Shuleni mtu aliandikishwa kwa mawili. Kwenye kadi ya kliniki ameandikwa kwa la ubatizo na la mama. Pili, majina mengi huanza na Nta- na Nti-, na karani asiyezoea Kiha huisikia hiyo N kama pumzi tu, akaiacha. Ntibakula akawa Tibakula. Tatu, R na L: Ruhaga kwenye cheti cha ubatizo, Luhaga kwenye cheti cha darasa la saba, Ruhaga tena kwenye kadi ya kupigia kura. Kijijini hakuna anayeona tofauti. Mfumo wa kompyuta unaiona mara moja.

Dawa ya hili inategemea umeligundua wapi. Kama ni herufi moja na nyaraka nyingine zote zinakubaliana, kiapo mbele ya wakili au hakimu kwamba majina haya mawili ni ya mtu mmoja hutosha ofisi nyingi. Kama unataka kuhama kabisa kutoka jina moja kwenda jingine, kiapo hakitoshi. Inatakiwa hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Mtendaji hawezi kukufanyia lolote kati ya hayo. Anachoweza, na anachopaswa, ni kuandika kwenye barua majina yote mawili jinsi yanavyosomeka kwenye nyaraka alizoonyeshwa, badala ya kuchagua moja kwa kubahatisha. Mtendaji anayechagua kwa kubahatisha anaongeza toleo la tatu.

Fomu ya NIDA ndiyo inayostahili dakika nyingi zaidi kuliko fomu nyingine yoyote mezani hapo. Ijaze kwa herufi kubwa, kalamu nyeusi, bila kufuta. Sehemu ya serikali ya mtaa au kijiji inasainiwa na kugongwa muhuri kabla hujaipeleka kwenye ofisi ya wilaya. Angalia tarehe ya kuzaliwa mara mbili, kisha ya tatu. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa yenyewe: mwaka, mwezi, siku. Herufi ya jina ikikosewa inaweza kusahihishwa na namba ikabaki ilivyo. Tarehe ikikosewa, kosa limeingia ndani ya namba, na namba hiyo tayari iko kwenye laini ya simu, akaunti ya benki, TIN na mkopo wa chuo. Wazee waliokuwa wanajua mwaka tu wakaandikiwa 1 Januari au 1 Julai hawana shida, mradi tarehe hiyo hiyo irudiwe kila mahali. Shida ni kijana mwenye cheti cha kuzaliwa anayejaza kwa kumbukumbu ya mama yake wakati cheti kiko kwenye sanduku nyumbani.

Kwa Kigoma kuna ngazi ya ziada. Manyovu ni mpakani na Burundi, ng'ambo ya ziwa ni Kongo, na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu iko katika Wilaya ya Kasulu. Kwa hiyo fomu hupita kwa afisa wa Uhamiaji, naye huuliza. Ataulizia babu alizaliwa wapi, alizikwa wapi, mlisoma shule gani, mwenyekiti wa kitongoji wakati huo alikuwa nani. Hapa ndipo watu huja na barua ya mtendaji wakidhani itajibu maswali hayo. Haijibu. Barua inasema unakaa Murubona. Haisemi babu yako alikuwa nani. Kinachosaidia ni nyaraka za wazazi: cheti cha kuzaliwa cha mmoja wao, namba ya NIDA ya baba, cheti cha shule ya msingi cha miaka hiyo, kadi ya zamani ya kupigia kura. Na kama mzazi ni miongoni mwa Warundi waliokimbilia huku 1972 kisha wakapewa uraia, wale wa makazi kama Ulyankulu mkoani Tabora, basi ni cheti cha uraia chenyewe, si maelezo. Mtendaji anayeandika "ni raia wa Tanzania kwa kuzaliwa" kwa mtu aliyemfahamu miezi sita amesema jambo asilolijua, na ni yeye atakayeitwa kulieleza.

Jingine la huku ni mipaka ya wilaya. Mwaka 2012 Buhigwe ilimegwa kutoka Kasulu, Uvinza ikatoka Kigoma Vijijini, Kakonko ikatoka Kibondo; upande wa Tabora, Kaliua ilitoka Urambo. Aliyezaliwa Manyovu mwaka 1995 alizaliwa Wilaya ya Kasulu, na leo nyumba ile ile iko Buhigwe. Cheti chake kinasema Kasulu, barua ya mtendaji inasema Buhigwe, na karani wa mbali anaona mtu mwenye asili mbili. Hakuna kosa hapo. Mtendaji aongeze mstari mmoja: "kijiji ambacho kabla ya 2012 kilikuwa Wilaya ya Kasulu." Maneno machache, yanaokoa nauli ya kwenda na kurudi.

Vizazi na vifo vinaanzia kwa mtendaji hata kama havimalizikii kwake. Mtoto aliyezaliwa hospitali anatoka na tangazo la kizazi. Aliyezaliwa nyumbani anahitaji taarifa itolewe kwa mtendaji wa kijiji au kata. Muda wa kawaida ni siku 90. Usajili wa walio chini ya miaka mitano umeletwa kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, na cheti cha kwanza ni bure. Baada ya umri huo unaingia kwenye njia ya kawaida ya RITA, kwa mtandao wa eRITA au kwa Katibu Tawala, ukiwa na ushahidi zaidi na ada. Kizazi husajiliwa wilaya kilikotokea, si unakoishi sasa.

Kifo cha nyumbani kinaripotiwa ndani ya siku 30. Mtendaji anatoa kibali cha mazishi, na hapo familia nyingi huishia. Kibali cha mazishi si cheti cha kifo. Miaka sita baadaye watoto wanataka kufungua mirathi mahakama ya mwanzo, wanaombwa cheti, wanatoa kibali kilichokunjwa mara nne kikiwa kimetoboka kwenye mikunjo. Kinafaa kama ushahidi wa kwenda kuombea cheti, ndiyo maana kisitupwe, lakini mahakamani peke yake hakifungui mlango. Pamoja na cheti utahitaji muhtasari wa kikao cha ukoo kilichompendekeza msimamizi, wenye majina na sahihi za waliohudhuria. Muhtasari ulioandikwa na mtu mmoja kwa kalamu moja na sahihi kumi na mbili zinazofanana hauhitaji mtaalamu wa maandishi kuutilia shaka.

Kwenye ardhi ndiko muhuri wa mtendaji unakotumiwa vibaya kuliko kwingine kote. Watu wawili wanauziana kiwanja mjini, wanaandika karatasi, wanakwenda mtaani, inagongwa muhuri, mnunuzi anaamini amemiliki. Alichonacho ni ushahidi kwamba siku fulani watu wawili walikuja wakasema wameuziana. Kiwanja kilichopimwa chenye hati kinahamishwa kupitia idara ya ardhi ya halmashauri na kwa Msajili wa Hati. Kijijini mambo ni tofauti: chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, ndiyo inayosimamia ardhi na kuridhia inapohamishwa, na ridhaa hiyo inapaswa kuonekana kwenye muhtasari wa kikao chenye akidi, si kwenye sahihi ya mwenyekiti aliyekutwa kilabuni. Kabla ya kugonga chochote, mtendaji mzuri anauliza maswali mawili: mke au mume wa muuzaji yuko wapi, na majirani wa pande nne wanaijua mipaka hii? Mauziano mengi yanayokuja kuvunjika yalikosa jibu la moja kati ya hayo.

Yakivunjika, yanarudi kwa kata kwa mlango mwingine. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021, Baraza la Kata halitoi tena hukumu ya kesi ya ardhi. Linasuluhisha tu. Wapo bado wanaokuja wakisema "baraza lilinipa ushindi", na wapo wajumbe wanaopenda kusikia hivyo. Utaratibu ni kwamba shauri lipite kwanza kwenye usuluhishi. Wakishindwana, baraza linatoa cheti kwamba usuluhishi umeshindikana, na mlalamikaji anakipeleka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Zikipita siku 30 tangu shauri lifunguliwe bila kusuluhishwa, anaruhusiwa kwenda hata bila cheti. Kwa hiyo tarehe ya kufungua shauri iandikwe na ibaki kwako: omba nakala ya malalamiko iliyogongwa muhuri wa kupokelewa siku ile ile. Mdaiwa mjanja hahitaji kushinda usuluhishi, anahitaji tu kutokuja mara tatu na tarehe ya kuanza ipotee. Ndoa nayo ina njia yake kama hiyo, kwamba anayetaka talaka hupita kwanza kwenye baraza la usuluhishi, na cheti chake ndicho mahakama inachokiuliza.

Nimesikia wanaotishiwa na mtendaji kwamba atawaweka ndani saa 48. Mamlaka hayo kwenye Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 yametajwa kwa Mkuu wa Mkoa na Mkuu wa Wilaya. Mtendaji hakutajwa.

Pesa. Malipo halali ya serikali yana sura mbili: risiti ya mashine ya POS, au namba ya malipo, ile ambayo kila mtu huiita kontroo namba, ya tarakimu 12, unayolipia benki au kwa simu. Ukiombwa "ya wino" au "ya karatasi" bila moja ya hizo, umeombwa na mtu, hukuombwa na ofisi. Najua ofisi nyingine haijaletewa rimu ya karatasi tangu mwaka uanze na mtendaji anachapisha barua kwa fundi wa steshenari kwa fedha yake. Basi aseme hivyo, nawe nenda kachapishe mwenyewe umletee asaini.

Wakulima wa maharage na mahindi wafahamu lao pia. Tangu bajeti ya 2017, ushuru wa mazao ni asilimia 3 kwa ya biashara na 2 kwa ya chakula, anayeulipa ni mnunuzi, na mzigo usiofika tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine hautozwi. Magunia tisa ya kilo 100 yanapita. Kwenye kizuizi ugomvi huwa ni juu ya uzito wa gunia, siyo juu ya sheria, kwa hiyo pima kabla ya kupakia na usishone lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, yaani 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, hupita kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata; mtendaji anathibitisha tu kwamba wanakikundi ni wakazi wake. Kikundi chenye wanachama wa kata tatu kinakwama hapo hapo.

Yote haya yanasimama juu ya kitu kimoja kinachokaa kwenye kabati la bati: daftari la wakazi. Lina mistari ya jina, nyumba, waliomo, alikotoka, tarehe aliyohamia. Mpangaji anayehamia Kasulu kutoka Kibondo akaenda kujiandikisha wiki ya kwanza, miaka miwili baadaye anapata barua kwa dakika kumi. Ambaye hakujiandikisha anaambiwa alete mwenye nyumba, na mwenye nyumba yuko Dar es Salaam. Operesheni ya anwani za makazi ya 2022 iliongeza namba za nyumba, majina ya barabara na postikodi za tarakimu tano, na barua yenye namba ya nyumba ina nguvu kuliko ile ya "jirani na kanisa". Lakini kibao kinasema nyumba ipo. Nani amelala ndani, daftari ndilo linalojua.

Mtendaji akihamishwa kuna hati ya makabidhiano. Inaorodhesha funguo, muhuri, pedi, mashine ya POS na namba yake, majalada, bendera, viti. Daftari la wakazi nalo huwa limo, mstari mmoja kati ya viti na bendera. Anayepokea angelifungua pale pale, mbele ya anayeondoka, akaangalia tarehe ya mwisho iliyoandikwa. Kama ni ya miaka mitatu iliyopita, aiandike kwenye hati hiyo kabla hajasaini, kwa sababu kesho asubuhi atakuja mtu kwenye foleni akitaka barua inayosema ofisi inamfahamu.